Kombora Lisiloacha Alama

Jioni ya Julai 17, 1996 bahari ya kusini mwa Long Island, katika jimbo la New York, ilikuwa shwari. Jua lilikuwa ndiyo kwanza limezama. Watu walikuwa bado ufukweni, wengine kwenye mashua zao, wengine wamekaa nje ya nyumba wakipunga upepo. Saa 2:31 usiku anga la upande wa bahari likawaka. Walioinua macho waliona mpira wa moto ukigawanyika na kushuka majini, na baadaye kidogo ngurumo ikawafikia.

Ilikuwa ndege ya shirika la TWA, safari namba 800, Boeing 747 iliyokuwa imeondoka uwanja wa John F. Kennedy dakika 12 tu kabla, ikielekea Paris na kisha Roma. Ilikuwa na watu 230, abiria 212 na wahudumu na marubani 18. Hakupona hata mmoja. Miongoni mwao walikuwamo wanafunzi 16 wa shule ya sekondari ya mji mdogo wa Montoursville, Pennsylvania, na watu wazima watano waliowasindikiza. Walikuwa wanachama wa klabu ya Kifaransa ya shule yao, na ile ilikuwa safari ya kwenda kuiona Ufaransa waliyoisoma darasani.

Kabla hata miili haijamalizika kuopolewa, watu walishapata maelezo: ndege imetunguliwa.

Wazo hilo halikuzuka hewani. Michezo ya Olimpiki ya Atlanta ilikuwa ifunguliwe baada ya siku mbili. Wiki tatu nyuma, wanajeshi 19 wa Marekani walikuwa wameuawa kwa lori la mabomu huko Khobar, Saudi Arabia. Mwaka 1988 ndege nyingine ya aina hiyohiyo, Pan Am 103, ililipuliwa kwa bomu juu ya mji wa Lockerbie, Scotland. Mtu yeyote mwenye kumbukumbu angefikiria ugaidi kwanza, na Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, ndivyo lilivyofikiri. Mamia ya wapelelezi wake walitumwa Long Island, wakaanza kuhoji mashahidi nyumba kwa nyumba.

Mashahidi ndio waliolipa wazo hilo miguu. Katika mamia ya waliohojiwa, watu 258 walisema waliona mstari wa mwanga angani. Kati yao, 38 walisema mstari huo ulikuwa ukipanda juu wima, au karibu na wima. Kwa msikilizaji wa kawaida, mwanga unaopanda kisha mlipuko maana yake ni moja tu. Haukupita muda, kombora likapewa mwenyewe: ikasemekana ni jeshi la majini la Marekani lililokuwa mazoezini, likakosea shabaha na kuiangusha ndege ya raia, kisha serikali ikafunika.

Novemba 1996 uvumi huo ulipata mdomo mkubwa. Pierre Salinger, aliyekuwa msemaji wa Rais John F. Kennedy na baadaye mwandishi mashuhuri wa televisheni, alitangaza akiwa Ufaransa kwamba ana hati ya siri kutoka kwa watu wa ujasusi inayothibitisha kombora la jeshi. Ilipochunguzwa, hati hiyo ilionekana kuwa waraka uliokuwa ukizunguka kwenye intaneti kwa wiki nyingi, na yeyote mwenye kompyuta angeweza kuusoma. Mtu mwenye heshima zake alikuwa amebeba uvumi wa mtaani akidhani ni siri ya dola.

Lakini ushahidi wa kuamua jambo hili haukuwa Ufaransa wala kwenye kompyuta. Ulikuwa umelala mchangani, mita kama 36 chini ya maji.

Wazamiaji wa jeshi la majini, polisi na zimamoto walishuka huko kwa miezi. Baada yao zikaja meli za wavuvi wa kome, zikakokota zana zao juu ya sakafu ya bahari kuanzia Novemba 1996 hadi Aprili 1997, zikipita palepale tena na tena mpaka vipande vilipokoma kupatikana. Mwishowe zaidi ya asilimia 95 ya ndege ilitolewa majini, na mabaki ya watu wote 230 yakatambuliwa. Kwa ndege iliyovunjika angani na kuanguka baharini, hicho ni kiwango cha ajabu.

Kabla ya kipande kuinuliwa, mahali kilipolala paliandikwa kwenye ramani. Kazi hii ilionekana ya ukarani, lakini ndiyo iliyotoa jibu la kwanza. Fikiria lori linakwenda kasi, gunia la mahindi limetoboka nyuma yake. Punje zilizodondoka mwanzo ndizo zilizo karibu na lori lilikotoka, na zilizodondoka mwisho ziko mbele zaidi. Mabaki ya TWA 800 yalilala hivyohivyo, katika maeneo matatu yaliyofuatana kando ya njia ya ndege. Eneo lililo karibu zaidi na New York lilikuwa na vipande vya sehemu ya mbele ya tangi la mafuta la katikati, lile linalokaa tumboni mwa ndege kati ya mabawa mawili, pamoja na vipande vya kiwiliwili kilicho mbele yake kidogo. Eneo la pili lilikuwa na pua nzima ya ndege, chumba cha marubani kikiwamo. La tatu, mbele zaidi, lilikuwa na mabawa, injini na mkia. Kwa hiyo bahari yenyewe ilionyesha mpangilio: lilianza kuachia tumbo, ikafuata pua, na sehemu iliyobaki ikaendelea na safari yake ya mwisho peke yake.

Vipande vilipelekwa Calverton, katika kiwanda cha zamani cha ndege hapohapo Long Island. Ndani ya jengo hilo kubwa mafundi walisimamisha jukwaa la vyuma, wakaanza kuishona upya ndege, bati kwa bati, hadi wakapata kiwiliwili chenye urefu wa mita 28. Viti vilipangwa kwa safu zake. Aliyeingia humo aliona ndege iliyokunjamana kama karatasi iliyofinyangwa kisha ikanyooshwa, na kila mpasuko ukiwa umekutana tena na mwenzake.

Hapo ndipo nadharia ya bomu na kombora ilipopimwa kwa macho na darubini.

Mlipuko wa baruti kali una saini yake. Gesi yake hutoka kwa kasi ya maelfu ya mita kwa sekunde, na alumini iliyo karibu haipati muda wa kukunjika taratibu. Huchimbika vijishimo vidogo vidogo kama uso uliopigwa na ndui, kingo za tundu hujikunja nje kama petali za ua, na uso wa bati huungua kwa namna inayotambulika. Kombora nalo hutawanya vyuma vinavyotoboa kila kitu kuelekea upande mmoja. Kule Lockerbie mabaki yalitawanyika juu ya mashamba na misitu ya eneo kubwa mno, lakini saini hiyo ilipatikana. Vipande vya kontena la mizigo vilionyesha wazi bomu lililipukia wapi, nalo lilikuwa limefichwa ndani ya redio ya kaseti iliyotiwa kwenye sanduku.

Wachunguzi wa TWA 800 waliijua saini ya Lockerbie vizuri, wakaitafuta. Walikagua matundu ya bati moja baada ya jingine, wakakagua viti, sakafu, na miili ya marehemu. Hawakuiona. Hakikupatikana pia kipande chochote cha kombora katika tani zote zilizoopolewa. Na kwa wale waliosema ushahidi huenda ulikuwa kwenye asilimia tano iliyobaki majini, jengo la Calverton lilikuwa na jibu: sehemu zilizokosekana zilikuwa viraka vidogo vilivyotawanyika huku na huku. Hapakuwa na nafasi moja yenye ukubwa wa kutosha kumeza uharibifu wote ambao bomu au kombora lingeufanya.

Kuhusu meli ya kivita iliyotajwa zaidi katika uvumi huo, USS Normandy, jioni ile ilikuwa umbali wa zaidi ya kilomita 250.

Kuna jambo moja ambalo waumini wa kombora hulishika kwa mikono miwili, na haki ni kulieleza. Maabara ilikuta chembechembe za baruti, aina ya RDX na PETN, kwenye vipande vitatu vya mabaki. Hilo ni kweli, na FBI ililitangaza. Lakini chembe bila uharibifu ni ushahidi wa kugusana tu. Ndege hiyohiyo iliwahi kubeba wanajeshi wakati wa vita vya Ghuba mwaka 1991. Juni 1996, wiki tano kabla ya ajali, ilitajwa kutumika St. Louis kufundishia mbwa wa polisi kunusa baruti. Majaribio yakaonyesha pia kwamba chembe kama hizo huyeyuka kabisa ndani ya siku mbili zikikaa kwenye maji ya bahari, kwa hiyo huenda zilitoka kwenye meli, magari au mavazi ya wanajeshi waliofanya kazi ya uokoaji. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji ya Marekani, NTSB, ilikiri haiwezi kusema kwa yakini zilitoka wapi. Ilichoweza kusema kwa yakini ni kwamba bati lile halikulipuliwa na baruti.

Basi lililipuliwa na nini?

Ndani ya tangi la katikati kuna kuta za alumini zinazoligawa vyumba. Wachunguzi waliposimama mbele ya ukuta mmoja ulio karibu na mwanzo wa tangi, waliona umevunjika juu na kulala kuelekea mbele, kama mlango uliopigwa teke kutoka ndani. Sehemu yake ya juu ilikuwa imeugonga ukuta wa mbele yake na kuacha alama za mgongano. Nguvu ilitoka ndani ya tangi kwenda nje. Kutoka hapo nyufa zilikimbia chini ya tumbo, zikapanda ubavu wa kulia na wa kushoto, hadi pua ikakatika.

Masizi nayo yalisema yake. Katika baadhi ya jozi za vipande vilivyokuwa kimoja kabla ya kupasuka, vikiwekwa pamoja Calverton, kimoja kilikuwa cheusi kwa moshi na mwenzake safi. Kile safi kilikuwa kimeshaondoka kabla ya moto mkubwa kushika. Kwa kulinganisha hivyo, kipande kwa kipande, wachunguzi walipata mfuatano wa kuvunjika kwa ndege, nao ukakubaliana na ramani ya bahari.

Msomaji atauliza, tangi la ndege linawezaje kulipuka lenyewe? Aulizwe fundi yeyote wa kuchomelea. Hakuna fundi mwenye akili zake anayechomelea pipa tupu la mafuta kabla ya kulisafisha na kulijaza maji. Pipa lililojaa mafuta lina hewa kidogo. Pipa tupu limejaa mvuke uliochanganyika na hewa, na hilo ndilo linaloua.

Tangi la katikati la TWA 800 lilikuwa na uwezo wa kubeba karibu lita 49,000. Jioni ile lilikuwa na lita kama 190, kidimbwi tu sakafuni. Mafuta ya ndege ni ndugu wa mafuta ya taa, na kwenye ubaridi hayawaki kwa urahisi. Lakini chini ya tangi hilo ndipo ilipofungwa mitambo ya viyoyozi, ambayo hutoa joto kali inapofanya kazi. Ndege iliwasili kutoka Athens, ikachelewa kuondoka, na viyoyozi vikaunguruma kwa saa mbili na nusu hivi katika jioni ya kiangazi. Kile kidimbwi kikapashwa kama sufuria juu ya jiko.

NTSB haikuridhika na nadharia. Julai 1997 ilikodi Boeing 747 nyingine, ikaweka vipima joto ndani ya tangi, ikairusha kutoka uwanja uleule katika mazingira yaleyale. Kwenye urefu ambao TWA 800 ilivunjikia, takriban mita 4,200, mvuke ndani ya tangi ulikuwa na joto la kati ya nyuzi 38 na 53. Juu huko hewa ni nyepesi, na joto la nyuzi 36 hivi lilitosha kuufanya mvuke uweze kushika moto. Kilichohitajika kilikuwa cheche.

Na haikuwa mara ya kwanza. Mei 1990, Boeing 737 ya Philippine Airlines ikiwa ardhini mjini Manila ililipuka tangi la katikati, watu wanane wakafa.

Je, mashahidi walisema uongo? Hapana. Kosa kubwa lililofanywa pande zote mbili lilikuwa kudhani lazima ama mashahidi ni waongo ama kombora lilikuwepo. Jibu liko kwenye jambo analolijua kila mtu aliyewahi kuhesabu sekunde kati ya radi na ngurumo. Sauti hutembea mita kama 340 kwa sekunde. Aliyekuwa kilomita 15 kutoka kwenye ndege alisikia mlipuko baada ya sekunde 44 hivi. Wapo waliosema walisikia kishindo ndipo wakaangalia. Kwa hesabu hiyo, walichokiona kilikuja baada ya tangi kulipuka, na hakiwezi kuwa sababu yake.

Waliona nini basi? Pua ilipokatika, mabawa na mkia havikuanguka papo hapo. Vikiwa bado na injini na mafuta tele, viliendelea mbele, hata kupanda kidogo kwa hesabu za NTSB, huku mafuta yakivuja na kuwaka, kabla ya mabawa kuachana na moto mkubwa kuonekana. Kwa mtu wa ufukweni, huo ni mstari wa mwanga unaotembea angani kisha ukalipuka. Aprili 2000 wachunguzi walikwenda kwenye kambi ya jeshi la anga ya Eglin, Florida, wakarusha makombora ya begani huku watazamaji wakiwa wamepangwa kwa umbali mbalimbali, ili kujua kombora halisi huonekanaje. Mfuatano wa mianga walioupata haukulingana na ule ulioelezwa na mashahidi wa Long Island.

Ripoti ya mwisho ilipitishwa Agosti 23, 2000, baada ya miaka minne na gharama ya takriban dola milioni 40. Ilisema chanzo ni mlipuko wa mvuke wa mafuta katika tangi la katikati. Kuhusu cheche, ilikuwa wazi: haikuweza kuthibitishwa kwa hakika. Uwezekano mkubwa zaidi ulikuwa hitilafu ya nyaya nje ya tangi, iliyopitisha umeme mkubwa kuliko kawaida kwenye nyaya za vipimo vya mafuta zinazoingia ndani. Ndege ilikuwa ya mwaka 1971, imeruka zaidi ya saa 93,000, na nyaya zake zilikuwa zimechakaa. Dakika mbili kabla ya mwisho, kinasa sauti kilimnasa rubani akishangazwa na kipimo cha mtiririko wa mafuta wa injini namba 4. Na geji ya tangi la katikati iliyoopolewa baharini ilikuwa inasoma zaidi ya mara mbili ya kiasi kilichosomwa na mjaza mafuta ardhini.

Pengo hilo la cheche ndilo linalowalisha wenye nadharia za njama hadi leo. Mwaka 2013 filamu ya maelezo ilitengenezwa, ikiwashirikisha baadhi ya waliofanya kazi kwenye uchunguzi, na ombi likapelekwa NTSB ili faili lifunguliwe tena. Julai 2014 ombi lilikataliwa, kwa kuwa hapakuwa na ushahidi mpya wa kubadili hitimisho. Kutojua ni waya gani uliotoa cheche hakulifanyi bati lililosukumwa kutoka ndani lionekane limesukumwa kutoka nje. Anayeikuta nyumba yake imeungua, masizi yakiwa yameanzia jikoni, anaweza asijue njiti ipi ilianza. Lakini hawezi kusema moto ulianzia kwa jirani.

Tena inafaa kukumbuka nani angefaidika na nini. Boeing, iliyotengeneza tangi na kufunga viyoyozi chini yake, ilikuwa na wahandisi wake ndani ya uchunguzi. Kombora lingeiondolea lawama yote. Tangi liliiachia kazi ya kurekebisha ndege zake.

Hapa ndipo uvumi unapoacha kuwa mazungumzo ya kupitisha muda. Machi 3, 2001, Boeing 737 ya Thai Airways ililipuka ikiwa imeegeshwa uwanja wa Don Mueang, Bangkok, muda mfupi kabla ya abiria kupanda. Mhudumu mmoja alikufa. Waziri Mkuu Thaksin Shinawatra alikuwa miongoni mwa waliosubiri kupanda, na mara moja ikatangazwa kwamba ni bomu la kumuua. Wachunguzi walipoangalia mabaki walikuta hadithi waliyoifahamu: tangi la katikati karibu tupu, siku ya joto, viyoyozi vimewashwa kwa muda mrefu. Bila Calverton, huenda Bangkok ingebaki kwenye vitabu kama jaribio la mauaji, na tangi lingeendelea kupashwa moto katika viwanja vingine.

Julai 2008 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilitoa kanuni iliyotaka ndege kubwa za abiria zenye matangi ya namna hiyo ziwe na njia ya kupunguza hatari ya mvuke wake kuwaka. Njia iliyotumika zaidi ni mtambo unaochuja hewa na kupeleka naitrojeni ndani ya tangi hadi oksijeni ishuke chini ya asilimia 12, kiwango ambacho mvuke hauwezi kuwaka hata cheche ikitokea. Boeing 787, zikiwamo zile za Kenya Airways na Air Tanzania zinazotua Nairobi na Dar es Salaam, zimetengenezwa na mtambo huo tangu kiwandani.

Kile kiwiliwili cha mita 28 kilihamishiwa Ashburn, Virginia, kikawa darasa la kufundishia wachunguzi wa ajali kutoka nchi mbalimbali. Mwaka 2021 NTSB iliacha kukitumia, kwa sababu teknolojia mpya ya kuchora mabaki kwa kompyuta imeshachukua nafasi yake. Majina ya watu 230 yamechongwa kwenye jiwe katika bustani ya Smith Point, ufukweni mwa Long Island, mkabala na maji walimoangukia.